Boti ya kuishi hukaguliwa kuanzia ngama

Mhariri,

Nimesoma kwa makini makala ya gazeti lako kuhusu Waafrika Mashariki waishio Uingereza ambao, baada ya kuchoshwa na kodi za nyumba za London, wanafikiria kununua boti ya injini iliyokwisha kutumika na kuifanya makazi. Ninashukuru kwamba jambo hili limeandikwa kwa Kiswahili, kwa sababu wengi wetu hulijadili kwa simu tu na kwa kubahatisha. Hata hivyo makala ile ilimshauri mnunuzi atazame kwanza mwaka wa kutengenezwa, kasi, na uzuri wa sebule, kisha ikamtolea mfano kijana mmoja na mkewe, wenye mtoto wa miaka 2, ambao wamo mbioni kulipa amana ya boti ya mita 10 yenye injini mbili za petroli. Ushauri huo ndio ulionifanya nishike kalamu, kwa kuwa niliwahi kuufuata mimi mwenyewe na ukanigharimu akiba ya miaka mingi.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga na nimekuwa fundi wa injini za meli kwa sehemu kubwa ya maisha yangu. Sasa ninaishi na mke wangu botini katika mto Thames, juu ya Teddington, yaani pale ambapo mto huacha kupwa na kujaa. Boti yetu ya kwanza ilikuwa ya faiba, yenye viti vyeupe vya ngozi na injini mbili za petroli, nasi tuliinunua mwezi Juni, wakati ambapo kila boti hupendeza. Ilipofika Januari mke wangu aliinua godoro ili abadilishe shuka, akakuta upande wa chini umelowa kana kwamba umemwagiwa ndoo ya maji, na kanga alizozihifadhi katika droo iliyo chini ya kitanda zimeshika kuvu nyeusi kwenye kila mkunjo. Nilitafuta tundu usiku kucha nisilione. Maji yale yalikuwa pumzi zetu wenyewe na mvuke wa chai na wali, ambao ulikuwa ukikutana na ubavu wa boti uliopozwa na mto, ukageuka matone, ukateremka hadi chini ya kitanda mahali pasipopita hewa. Boti ile ilijengwa kwa ajili ya matembezi ya wikendi za kiangazi, na hakuna aliyenidanganya kuhusu hilo, kwa sababu sikuuliza.

Ndiyo maana ninasisitiza kwamba anayetafuta boti ya kuishi aanzie kwenye ngama, sehemu ile ya chini kabisa ya ndani ambako maji hujikusanya, kisha apande juu polepole, na sebule aifikie mwisho. Afunue mbao za sakafu zote zinazofunuka. Apeleke pua yake kule, kwa sababu ngama husema ukweli: harufu ya dizeli, ya maji yaliyooza, au ya choo kinachovuja haifichiki kwa manukato. Atoe ubao mmoja wa ukutani, kwa ruhusa ya mwenye boti, atazame kama kuna sponji ya kuzuia baridi kati ya ukuta na ubavu, na kama madirisha yanafunguka kweli au ni vioo vya urembo. Ainue godoro. Ninalisema hili la godoro kwa uchungu, maana ni kazi ya nusu dakika ambayo sikuifanya.

Kuhusu kasi, makala ilisifu boti inayokwenda mwendo wa noti 25, yaani takriban kilomita 46 kwa saa. Katika sehemu ya Thames isiyo na kupwa na kujaa hairuhusiwi kuzidi kilomita 8 kwa saa, sawa na mtu anayetembea kwa haraka sana, na katika mifereji mwendo ni mdogo zaidi. Anayenunua injini mbili kubwa kwa ajili ya mto huu hununua pia matangi makubwa, joto na kelele za chumba cha injini kilichokula nafasi ya chumba cha kulala, pamoja na gharama ya matengenezo mara mbili. Boti nzito inayopasua maji badala ya kupanda juu yake, yenye urefu wa mita 10 majini, haiwezi kuzidi kwa urahisi noti 7 na kitu, na kwa mtu anayelala humo huo ni mwendo wa kutosha kabisa. Injini moja ya dizeli isiyo na makuu, ambayo fundi anaweza kuizunguka pande zote bila kujikunyata, itamtumikia vizuri zaidi.

Halafu kuna hatari yenyewe ya petroli. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hushuka ngamani na kutulia humo, ukingoja cheche. Gesi ya kupikia hufanya vivyo hivyo ikivuja, na kwa sababu hiyo mtungi huwekwa katika kabati lake lenye tundu la kuitolea nje ya boti. Yapo mafeni ya kuutoa mvuke wa petroli kabla ya kuwasha injini, na mwenye nidhamu huyatumia kila mara, lakini ninamfikiria yule mtoto wa miaka 2 akilala hatua chache kutoka kwenye matangi hayo kila usiku wa mwaka, na siwezi kunyamaza.

Boti tunayoishi sasa ni ya chuma, iliyojengwa Uholanzi, nchi ambayo mafundi wake wa Friesland na wa Maasbracht wamezitengeneza boti za aina hii kwa miongo mingi. Ina chumba cha kulala upande wa tezi, yaani nyuma, jiko karibu na mwanga, na kitanda ambacho kila mmoja wetu hushuka kwa upande wake bila kumruka mwenziwe. Hatukulipa amana mpaka ilipopandishwa nchi kavu na fundi mkaguzi tuliyemlipa sisi wenyewe. Alikwaruza rangi, akapima unene wa bamba kwa mawimbi ya sauti, na kila alipopima aliandika milimita kwa chaki: 4.8, 4.7, 4.8, kisha chini ya bafu, karibu na tezi, 3.2. Bamba lilikuwa limeliwa kutoka ndani, ambako maji ya kuogea yalituama chini ya sakafu kwa miaka, wakati kwa nje rangi iling'aa. Kampuni nyingi za bima huku hazitaki bamba la chini lipungue milimita 4, hivyo muuzaji alilazimika kupunguza bei kwa kiasi cha kuchomelea bamba jipya. Chaki ile ilituokolea fedha nyingi kuliko malipo ya mkaguzi.

Faiba haiozi kwa kutu, nami siikatai. Mnunuzi ajue tu kwamba boti nyingi za faiba za miaka ya 1970 na 1980 zilitandikwa mbao za msaji juu ya sitaha na kukazwa kwa mamia ya skrubu, na kila skrubu ni njia ya maji kuingia katika mbao laini zilizofichwa ndani ya sitaha. Agonge kwa mpini wa bisibisi na asikilize pale mlio unapobadilika kuwa mzito. Wazee wetu walipokagua jahazi kabla ya kupaka deheni, ule mchanganyiko wa chokaa na mafuta, na sifa, yaani mafuta ya papa, waligonga hivyo hivyo.

Injini ikaguliwe ikiwa baridi. Mnunuzi aiguse kwa kiganja kabla haijawashwa, kwa kuwa injini iliyokwisha kupashwa moto asubuhi huficha ugumu wake wa kuwaka pamoja na moshi wake wa kwanza.

Jambo ambalo makala haikuligusa kabisa ni mahali pa kufunga boti. Gati nyingi haziruhusu mtu kuishi botini, na katika mifereji asiye na mahali pa kudumu hatakiwi kukaa sehemu moja zaidi ya siku 14, sharti ambalo ni gumu kwa wenye mtoto anayekaribia kuanza shule. Apatikane kwanza mwenye gati, kwa maandishi, ndipo boti itafutwe kwa urefu na kimo kinachofaa. Daraja la Osney huko Oxford, kwa mfano, lina nafasi ya takriban mita 2.28 tu juu ya maji, na boti yenye usukani wa ghorofani itaishia hapo. Wala mtu asiridhike na cheti cha usalama cha miaka 4 anachoonyeshwa na dalali. Cheti hicho huangalia gesi, mafuta, umeme, na tangu Aprili 2019 kengele ya kugundua hewa ya sumu ya kaboni monoksaidi, lakini hakisemi lolote kuhusu uzima wa bamba wala wa faiba.

Ninaomba, Mhariri, uwafikishie barua hii wale wazazi vijana kabla hawajalipa amana yao. Kama watapenda, niko tayari kwenda nao kuiona boti hiyo Jumamosi yoyote, bila malipo, nikiwa na kurunzi, bisibisi, na nguo za kuingilia ngamani. Ofisi yako inayo anwani yangu.

Fundi mstaafu,
Mto Thames, Uingereza