Kurasa za sanaa zisiwasahau bibi zetu

Mhariri,

Kurasa zenu za sanaa hujaa vijana wa muziki. Sina ugomvi nao, ila naomba nafasi kidogo kwa mchoraji Esther Mahlangu wa Afrika Kusini, mama na bibi aliyezaliwa mwaka 1935.

Alianza kupaka rangi kuta akiwa na miaka 10, akifundishwa na mama yake na bibi yake, kama ilivyo desturi ya wanawake wa Kindebele. Hatumii rula wala hachori kwanza kwa penseli. Huchovya unyoya wa kuku kwenye rangi, akauvuta ukutani, na mstari mweusi hutoka umenyooka kabisa. (Mimi hata kwa rula unanipinda!) Mwaka 1989 alikwenda kuchora huko Paris, Ufaransa, mwaka 1991 BMW wakampa gari zima alipambe.

Lakini kinachonivutia zaidi ni uani kwake Mpumalanga, ambako amewafundisha watoto wa jirani kuchanganya rangi na kushika huo unyoya. Amezika mume na watoto wawili wa kiume, na kazi hakuiacha.

Huku kwetu tunao wasusi wa ukili na wafinyanzi wa rika lake. Mwandishi wenu akae nao kutwa nzima, aandike majina yao kamili, na aulize nani wanajifunza kwao. Kuwapiga picha siku ya maonyesho tu hakutoshi.

Msomaji wenu,
Tanga