Kabla ya kuprinti stika chekini jina kwanza

Mhariri, salamu kutoka Mwandiga hapa Kigoma, mimi nasindika mawese na kuna kitu kinanikera. Huku kila anayefungua biashara anaiita Tanganyika, dagaa Tanganyika, sabuni Tanganyika, hadi saluni, sasa mteja wa Dar akipiga simu anabaki anauliza "we ni Tanganyika ipi?"

Na mi mwenyewe nilikuwa humo humo, nikaprinti stika 500 za njano nikabandika kwenye madumu ya lita tano, ndo baadae naingia kwenye mtandao wa BRELA, wale wakala wa serikali wanaosajili biashara, nakuta jina lina mwenyewe, nikazibandua kwa maji ya moto na kisu siku mbili nzima, mke wangu anacheka tu.

Halafu wengi hawajui, kusajili jina la biashara hakukupi alama ya biashara (yaani jina au nembo ya bidhaa yako kulindwa kisheria), hiyo unaiomba kivyake, mwanzo inadumu miaka 7 alafu unahuisha kila miaka 10.

Saivi nimeenda na jina Mchikichini, watu wanalishika haraka, ila wateja wa Dar nao wananiuliza kama nipo Ilala, maana huko nako kuna mtaa unaitwa Mchikichini.

Msindikaji mawese, Kigoma