Mama, Bado Nasubiri Kuitwa

Minneapolis, Minnesota
8 Februari 2026

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Assalaam alaykum wewe, Bibi na wote hapo Ngamiani. Mimi mzima, alhamdulillahi.

Juzi uliponipigia ilikuwa saa tatu asubuhi Tanga, huku saa sita usiku, na ulinikuta macho. Ukaniuliza, "Vipi, wamekuita?" Nikajibu bado, nikaaga haraka. Nilipokata simu roho iliniuma, kwa sababu una haki ya kujua ninachokisubiri.

Mei namaliza shahada ya famasia, inshallah. Nikishafaulu mtihani wa leseni naweza kuajiriwa duka la dawa. Lakini mimi nataka wodini, nipite na madaktari kitanda kwa kitanda, nipitie dawa za kila mgonjwa. Kwa kazi hiyo hospitali nyingi za huku zinataka kwanza mwaka mmoja wa mafunzo, wenyewe wanauita residensi, na nafasi zake zinagombewa. Desemba nilituma maombi 11, kila moja na barua yake, na walimu watatu wakaniandikia mapendekezo. Sasa wanachuja na kuita watu kwenye usaili. Usaili ukiisha, mimi napanga programu za mafunzo za hospitali kuanzia ninayoitaka zaidi, nao wanatupanga sisi, kisha kompyuta inalinganisha orodha zetu. Katikati ya Machi kila mmoja anaambiwa amepata wapi, au amekosa. Ukikosa ipo duru ya pili, ila zinazobaki ni chache.

Mpaka leo wawili wameniita, wanne wamenikataa, watano kimya.

Kukataliwa nimeweza kukubeba, Mama. Kinachonitafuna ni kimya. Alhamisi nilikuwa wodini nakokotoa dozi, simu ikatetemeka kwenye mfuko wa koti jeupe. Nilimaliza hesabu kwanza, nikairudia mara ya pili, ndipo nikaingia chumba cha dawa kufungua. Neno la kwanza lilikuwa "Tunakushukuru", nikajua. Wanaoita huanza na tarehe. Wanaokataa huanza na shukrani. Nikanawa uso nikarudi kazini.

Na lipo jingine sikukwambia. Visa yangu ya mwanafunzi inaruhusu miezi 12 ya kazi baada ya kuhitimu, na residensi ni miezi hiyo hiyo 12, kwa hiyo hesabu inakubali. Hata hivyo baadhi ya programu zinaandika wazi kwamba hazichukui mtu wa visa. Hizo sikuziomba kabisa. Ndiyo maana ni 11, wakati wenzangu wengine wameomba zaidi.

Sasa la pesa. Residensi inalipa karibu nusu ya mshahara wa mfamasia wa dukani. Nikienda dukani, paa la nyuma tunaliezeka mwaka huu. Nikipata residensi, litangoja mpaka mwakani, na masika mtaendelea kutega ndoo. Nimelifikiria sana hili, na sitaki kuliamua bila radhi yako.

Unakumbuka miguu ya Bibi ilivyovimba, mimi nikiwa darasa la saba? Ukibonyeza kidole, shimo linabaki. Watu wakasema moyo, wengine wakasema amerogwa. Wewe ukanituma na mfuko wake wa dawa pale Barabara ya 8. Yule mfamasia hakuniuzia kitu. Aliumwaga mfuko wote juu ya meza, akapanga vidonge kimoja kimoja, akachukua paketi mbili za rangi tofauti akaziweka pamoja. "Hizi ni dawa moja," akaniambia. Zote zilikuwa amlodipini ya presha, majina ya kiwanda tu mbalimbali, kila moja kaandikiwa safari tofauti, na Bibi akizimeza zote kila siku. Akaniandikia kikaratasi nikampelekee daktari. Moja ikaondolewa, na miguu ikanywea. Tangu siku ile nilitaka kuwa yule mtu anayemwaga mfuko mezani. Na wodini ndiko iliko mifuko mizito kuliko yote, Mama.

Usaili wa kwanza ni Jumanne, kwa video, karibu siku nzima. Huwa wanauliza siku uliyokosea. Nitawaambia ukweli: nilipiga dozi ya mtoto kwa ratili badala ya kilo, ikatoka zaidi ya maradufu, na msimamizi wangu akaidaka kabla haijatoka kwenye karatasi. Tangu hapo uzito nauandika mara mbili.

Nakuomba usiwatangazie majirani kwanza. Mjomba mwambie, wengine wasubiri. Matokeo yataangukia kumi la mwisho la Ramadhani. Ukiamka usiku kuswali, nitaje.

Halafu Bibi. Najua atataka kufunga. Mwambie mdogo wangu aumwage mfuko wake wote mkekani, apige picha kila paketi mbele na nyuma, anitumie leo hii. Kama bado anatumia ile glibenklamidi ya sukari, akifunga nayo inaweza kumshusha sukari hadi azirai. Asifunge mpaka mmempeleka kwa daktari wake. Mimi nitaandika maswali ya kumuuliza, nyinyi mwende nayo. Imebaki kama siku kumi tu.

Nasubiri hizo picha.

Mwanao