Mashine ya ekmo haiulazi moyo

Mhariri,

Makala yenu kuhusu mashine ya ekmo, ile inayoshika kazi ya moyo na mapafu kutoka nje ya mwili, ilisema mgonjwa akishaunganishwa, moyo wake hupumzika. Mimi ni muuguzi. Nilikaa miaka tisa katika chumba cha wagonjwa mahututi huko Ghuba kabla ya kurudi kwetu Lamu, na sentensi hiyo siwezi kuiacha ipite.

Ni kweli mashine huvuta damu kutoka mshipa mkubwa, aghalabu wa paja, ikaitia oksijeni, ikaiondoa kaboni dioksidi, kisha ikairudisha kwa nguvu kupitia ateri (mshipa wa kupeleka damu mwilini) ya paja, hata lita nne au tano kwa dakika. Ubongo unapata, figo zinapata. Lakini damu hiyo imeingilia chini, kwa hiyo hupanda kuelekea moyoni, ikikabiliana na ile ambayo moyo wenyewe unataka kuitoa. Moyo uliochoka unasukuma mlango, na nyuma ya mlango kuna pampu ya umeme. Vali, ndiyo huo mlango wa moyo, ikishindwa kufunguka, damu inayozidi kuingia kutoka mapafuni haina pa kutokea. Chumba cha kushoto hujaa na kutanuka, presha hurudi mapafuni, na damu iliyotuama huanza kuganda.

Nilimweleza haya ami yangu, nahodha mstaafu, tukiwa barazani. Akafikiri kidogo, akauliza: "Jahazi lavutwa na boti ya mashini, sawa. Na mai ya ngama yafuliwa na nani?" Ngama ni chini ndani ya jahazi, maji yanapotuama, na kuyafua ni kuyachota kwa upo na kuyamwaga nje. Sijasikia daktari aliyelieleza vizuri zaidi.

Usiku mmoja nilikuwa na dereva wa lori aliyepatwa na shambulio la moyo. Kwenye skrini, wimbi la mpigo wa ateri lilikuwa likipungua saa baada ya saa, hadi saa tisa usiku likawa limelala kabisa, maana yake moyo hautoi tena damu. Kwenye bomba la kupumulia nikaona povu la rangi ya waridi, dalili kwamba mapafu yanajaa maji. Nikapiga simu. Jibu nililopewa: mashine inasukuma lita nne na nusu, wasiwasi wa nini? Nikapiga tena, na tena. Alipokuja daktari wa moyo na kuweka kipimo cha mawimbi ya sauti, vali ilikuwa imefungwa, na damu ndani ya chumba cha kushoto ilikuwa ikizunguka polepole kama moshi wa ubani juu ya chetezo.

Walipunguza kasi ya mashine, wakaongeza dawa ya kuupa moyo nguvu, kisha wakapenyeza kipampu chembamba kiitwacho Impella kutoka ateri ya paja la pili hadi ndani ya moyo, kikawa kinafyonza damu na kuitema nje ya vali. Huo ndio upo wa kufulia maji. Kwingine hutumia puto ndani ya aota, ateri kuu itokayo moyoni, linalojaa moyo unapotulia na kunywea unapopiga, au hutoboa ukuta kati ya vyumba viwili vya juu.

Wala msidhani kila mgonjwa afanyiwe hivyo. Kipampu kile kilisaga chembe nyekundu za damu, na kufika asubuhi mkojo wa dereva ulikuwa rangi ya chai ya mkandaa. Utafiti wa Korea Kusini uliotolewa 2023 ulijaribu kuupunguzia moyo mzigo mapema kwa kila aliyewekwa ekmo, badala ya kungoja dalili, na vifo havikupungua. Kwa hiyo lazima awepo mtu wa kuangalia na kuamua, mchana na usiku.

Ndiyo maana wasomaji wenu wanaodai kila kaunti inunuliwe ekmo wananitia hofu. Kutoka mji wa Lamu, mgonjwa wa kupelekwa Mombasa kwa barabara huvushwa kwanza kwa boti hadi Mokowe, upande wa bara, na maji yakiwa yametoka hata kumshusha gatini ni kazi. Ningeanzia hapo. Na siku mashine itakapokuja, ulizeni kwanza nani atakaa kando yake saa tisa usiku, na kama akipiga simu atasikilizwa mara ya kwanza.

Dereva alitolewa mashine siku ya sita. Mguu mmoja, baada ya ateri za paja kupenyezwa mabomba, haukupona sawasawa. Naomba mrekebishe sentensi ile.

Muuguzi mstaafu,
Mkomani, Lamu