Mshiriki wa tisa

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi, na uniwie radhi kwa ukimya wa miezi hii. Kilichonifanya nishike kalamu leo ni mshiriki wangu wa tisa, ambaye kwa wiki nzima niliamini kwamba gamba lake la ubongo halina uzuiaji, yaani breki inayotulizia seli zake. Nilimpiga kichwani pigo dhaifu la sumaku, asilimia 80 ya kizingiti chake (nguvu ndogo kabisa inayotosha kuutikisa msuli wa kidole), kisha la pili lenye nguvu baada ya milisekunde 3. Tangu 1993 inajulikana kwamba pigo la kwanza hulififisha jibu la msuli linaloletwa na la pili. Kwake jibu lilibaki vilevile, milivolti 1 kamili.

Mwalimu aliponikuta nimeshaanza kuandika kwamba GABA ya mtu huyu, ile kemikali ya ubongo inayoleta uzuiaji, ina hitilafu, aliniuliza iwapo niliutazama mkono wenyewe. Sikuwa nimeutazama. Nilipoukuza mstari wa rekodi ya msuli wa kabla ya pigo, niliona umechachamaa kama meno ya msumeno: alikuwa amekikaza kidole cha shahada kidogo tu, labda kwa kuushtukia ule mlio wa koili, na msuli ukikazwa uzuiaji huu hupungua kwa mtu yeyote mwenye afya. Niliona haya, nawe bila shaka unacheka.

Nikamwita tena, nikaulaza mkono wake juu ya mto, na jibu likashuka hadi milivolti 0.4. Ningefurahi, ila mkono ulipolegea, pigo la pili peke yake nalo lilidhoofika, ikanibidi niliongeze nguvu ili lifikie tena milivolti 1. Kwa hiyo siku zile mbili sikulipima gamba kwa pigo lenye nguvu ileile. Jambo hili linaninyima usingizi. Tunasimama kidoleni tukiusikiliza ubongo, na uti wa mgongo umekaa katikati, kisha tunauita uwiano wa jibu la mapigo mawili na la pigo moja kipimo cha GABA. Nilifikiria kutumia muda wa ukimya wa msuli, yaani muda ambao msuli uliokazwa hunyamaza baada ya pigo, lakini mwanzo wa ukimya huo ni wa uti wa mgongo, na sehemu yake ya mwisho huhusishwa zaidi na vipokezi vya GABA-B, ilhali mimi ninavitafuta vya GABA-A. Halafu kuna ile njia ya kulishikilia jibu lisibadilike na kupima nguvu inayohitajika, ambayo fundi wetu anaisifu kila siku…

Je, wewe huyafuta majaribio yenye msuli uliokazwa, au huyarudia papo hapo? Ungebadilisha njia baada ya washiriki tisa? Na wale wanane wa mwanzo, niwaamini? Nimeambatisha rekodi zao zote. Tafadhali itazame mistari ya kabla ya pigo kabla Mwalimu hajaiomba Ijumaa.

Wako,
yule yule mwenye haraka