Kompyuta ndani ya mafuta: tusichukue ya transfoma

Mhariri,

Mimi ni fundi kompyuta hapa Kirumba, Mwanza. Wadudu wa ziwani wakiinuka, feni za mashine za wateja hujaa hadi zinakwama. Kwa hiyo kijana aliponiomba kasha la kioo, kompyuta izame yote kwenye mafuta ya madini (yatokanayo na petroli ghafi) ili ipoe bila feni, sikumcheka. Mafuta hayo hayapitishi umeme, na huondoa joto vizuri kuliko hewa.

Ila lita 40 zina uzito wa kilo 34 hivi, kioo bado. Diski ya kuzunguka (hard disk) ibaki nje, maana ina kitundu cha hewa ambacho mafuta yangepitia. Bila pampu na rejeta, joto hujikusanya tu. Nyaya nazo hukakamaa (wateja hawapendi kusikia hili).

Kinachoniudhi ni wanaoshauri mafuta ya transfoma yaliyotumika. Ya zamani huweza kuwa na PCB, kemikali ya sumu iliyoorodheshwa kwenye Mkataba wa Stockholm wa 2001 wa kuondoa sumu zinazodumu. Halafu yametoka wapi, kama si kwenye nguzo ya mtaa ulioachwa gizani? Mafuta ya kupikia, kama ya alizeti, nayo huchacha. Nunueni mafuta ya madini meupe, na mdai risiti.

Fundi kompyuta,
Kirumba, Mwanza