Harambee ya Kinanda: Kwaya Yenu Inabisha Hodi Tena

Wapendwa ndugu, walezi wa kwaya, na majirani mnaotusikia kila Jumatano jioni mtake msitake,

Tunabisha hodi tena. Tunajua ni juzijuzi tu tulipita na bahasha za sare, na wapo waliotania kwamba wakimwona katibu wa kwaya wanabadilisha njia. Nimeiona njia ikibadilishwa, mara mbili. Sina kinyongo. Ila safari hii maji yametufika shingoni, tena maji kweli.

Mvua ya mwezi uliopita ilipenya paa la stoo tunamoweka vyombo, na hakuna aliyejua mpaka kulipokucha. Kinanda tulikikuta kimelowa chapachapa. Tukakifuta, tukakianika, fundi akakifungua na kukifunga. Noti 11 hazilii kabisa, na moja ukishaigusa hainyamazi mpaka uchomoe waya. Spika moja inakoroma. Mpiga kinanda wetu anazikwepa noti mbovu kama dereva anavyokwepa mashimo, lakini kuna nyimbo zisizo na pa kuchepukia.

Mtasema, si mwimbe hivyo hivyo? Tumeimba hivyo hivyo. Ngoja niwaambie ilivyokuwa.

Mnajua kila Jumamosi tunakwenda wodini kuwaimbia wagonjwa. Yuko mzee mmoja aliyepigwa na kiharusi, hawezi kutamka hata jina la mkewe. Siku ya kwanza kinanda kilipopiga utangulizi, aligeuza shingo. Ubeti wa pili ulipoanza alikuwa anaimba sauti ya nne, ile nzito ya chini, na maneno yote, hakuruka hata moja. Mkewe alikuwa anakunja shuka. Akalikunja, akalikunjua, akalikunja tena mpaka wimbo ukaisha. Muuguzi alitueleza kwamba kwa watu wengi kuzungumza hutegemea zaidi upande wa kushoto wa ubongo, na kuimba hutumia pande zote mbili, ndiyo maana aliyepoteza usemi pengine bado ana wimbo. Wimbo ulipokwisha mzee alirudi kwenye ukimya wake, akakinyooshea kinanda kidole. Tena.

Jumamosi iliyopita tulikwenda mikono mitupu. Tukauanzisha wimbo ule ule, kwa woga, na tukauanzisha juu mno. Mzee alifungua kinywa, akaitafuta sauti yake ya nne, hakuipata. Akajaribu tena. Kisha akageukia ukutani. Sisi tukaendelea kuimba kwa sababu hatukujua la kufanya, na nawaambia ukweli, beti zile tatu zilikuwa ndefu.

Wapo wanaosema muziki si sadaka, sadaka ni chakula na blanketi. Sibishani nao sana, mwenye njaa alishwe kwanza. Lakini ile Haleluya mnayotudai kila Krismasi inatoka kwenye Messiah, utunzi mrefu wa kwaya na ala wa mtunzi Handel, na kazi hiyo ilipoimbwa hadharani mara ya kwanza, mjini Dublin, tarehe 13 Aprili 1742, mapato yake yaligawiwa hospitali mbili na wafungwa wa madeni. Wanawake waliombwa waje bila magauni yaliyotanuliwa kwa pete, na wanaume waache panga nyumbani, ili ukumbi uchukue watu wengi zaidi. Wafungwa 142 walilipiwa madeni yao wakatoka. Sisi panga zenu hatuna habari nazo. Mje na bahasha.

Na kuhusu hesabu, maana najua minong'ono. Tarehe 1 Agosti 1971 Ravi Shankar, mpiga sitar wa India, na George Harrison, aliyekuwa wa kundi la Beatles, walipiga muziki New York kuwachangia wakimbizi wa Bangladesh. Nia njema, ukumbi ukajaa, lakini mambo ya kodi hayakupangwa mapema na sehemu kubwa ya fedha za albamu ikakwama kwa miaka. Kwa hiyo sisi tunaanza na karatasi: fedha zitatolewa kwa saini tatu, risiti zitabandikwa ubaoni, mhasibu atasoma mapato na matumizi mbele ya wote. Linalonunuliwa ni kinanda na spika, na mabati ya stoo yatatangulia, tusije tukarudi hapa mwakani na hadithi hii hii.

Kinanda kilicholowa ni chenu. Ni nyinyi mlikinunua. Nakumbuka mama mmoja alileta sarafu alizozifunga kwenye leso, akakataa kuandikwa jina. Hatujamsahau. Na hatujasahau pia kwamba mwaka jana tuliimba harusi 14 bila kudai nauli, na kwamba kwenye misiba yenu tulifika kabla ya viti. Hatutaji majina. Mnajijua, na Mungu anawajua zaidi.

Basi toa ulichojaliwa. Usiye na fedha lakini una mabati yaliyobaki kwenye ujenzi, au una mkono wa kupigilia misumari, nawe unahesabiwa. Bahasha zipokelewe na mhasibu, si na mwanakwaya yeyote, hata akiwa mpwa wako.

Mazoezi ni Jumatano kama kawaida, kwa kinanda hicho hicho. Anayetaka kuisikia ile noti isiyonyamaza aje ajionee. Na kama una sauti ya tatu, njoo hata bila bahasha, tumebaki wawili.

Wenu katika huduma,
Katibu wa Kwaya